Mama Mwekundu, Mtoto wa Njano: Rangi za Maua ya Kaktasi Zinatoka Wapi

Kando ya barabara za Kampala, kwenye vitalu vya njia ya Entebbe na vile vya kuelekea Jinja, kaktasi huuzwa kwa rangi. Mteja hashughuliki na jina la mmea. Ananyoosha kidole kwenye ua lililofunguka siku hiyo na kuuliza, "Hii nyekundu ngapi?" Analipa, anapakia kopo lake kwenye bodaboda, anaondoka. Baadaye mmea unazaa tunda, anasia mbegu, anasubiri miaka, na siku miche inapotoa maua ya kwanza anakuta njano, au rangi ya chungwa, au nyeupe kabisa. Hapo ndipo lawama huanza. "Mama, si uliniambia hii ni nyekundu? Mbona mtoto wake ametoa njano?" Mwenye kitalu anaapa kwamba aliuza alichokuwa nacho, na kwa kuwa hana maelezo, anaonekana mwongo.

Mara nyingi anasema kweli. Spishi moja ya kaktasi inaweza kuwa na mimea yenye maua mekundu, mingine ya njano, mingine ya zambarau, na yote ikawa ndugu wa damu inayochavushana na kuzaa bila shida. Rangi ni sifa ya mmea mmoja mmoja, na haitoshi kutambulisha spishi. Wengi wetu tumezoea kufikiri kinyume chake, na mazoea hayo yana chanzo kinachoeleweka hapa hapa Uganda. Nitakifikia.

Kwanza tukubaliane ni mmea gani tunaouzungumzia, maana jina hili limebebeshwa mizigo isiyo yake. Ile miti ya matawi manene yaliyosimama wima, inayoonekana kwenye nyanda za Hifadhi ya Queen Elizabeth na ambayo wageni huipiga picha wakisema ni kaktasi, ni euforbia, Euphorbia candelabrum. Ile mimea ya miiba inayopangwa kwenye kuta na malango ya mjini, yenye vijiua vyekundu, vya waridi au vya njano, ni Euphorbia milii kutoka Madagaska. Ukiikwaruza euforbia hutoka utomvu mweupe, na utomvu huo ukiingia machoni unaweza kuyaumiza vibaya sana. Mtoto asiachwe aichezee. Kaktasi halisi utaijua kwa vidoa vyake vyenye manyoya laini, viitwavyo areoli, vilivyopangwa kwenye mwili wake. Miiba huchipuka humo kwa mafungu, na kwa kawaida maua nayo hutokea humo. Euforbia haina areoli.

Familia ya kaktasi ina spishi zaidi ya 1,400, na karibu zote asili yake ni mabara ya Amerika. Mpungate, ule wenye vibapa bapa na matunda ya miiba midogo inayokera, uliletwa Afrika na watu. Iko spishi moja tu inayoota yenyewe Afrika tangu kale, Rhipsalis baccifera, na Uganda tunayo: inaning'inia kwenye miti ya misitu kwa vijiti vyembamba vya kijani, ikishakua haina miiba, maua yake ni madogo meupe na matunda yake ni vipunje vyeupe vinavyopendwa na ndege. Watu hupita chini yake bila kujua kwamba wamepita chini ya kaktasi. Kwa rangi haina mengi ya kutuambia. Lakini ni ya kwetu, na ingekuwa dhuluma kuizungumzia familia yake bila kuitaja.

Porini mambo yakoje

Anayetaka kuona jambo hili kwa uwazi wote angeanzia jangwa la Sonora, kuzunguka mji wa Tucson katika jimbo la Arizona, Marekani. Pale huota kaktasi ya matawi membamba inayoitwa Cylindropuntia versicolor. Majira ya machipuko, kwenye mteremko mmoja, utakuta mmea wa maua ya njano umepakana na wa maua ya chungwa, kando yake mwekundu, mbele kidogo wa zambarau, kisha wa rangi ya shaba iliyofifia. Udongo ni ule ule na mvua ni ile ile. Nyuki wanatoka huku wanakwenda kule. Na kila mmea hushika rangi yake: uliotoa shaba mwaka huu utatoa shaba mwakani. Kwa hiyo hatuwezi kusema ni ardhi au ni hali ya hewa. Tofauti imo ndani ya mmea wenyewe.

Mfano wa pili uko juu zaidi, kwenye uwanda wa milima ya Andes kuzunguka Ziwa Titicaca, Bolivia na Peru, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Huko kuna kaktasi ndogo ya kimo cha ngumi, Lobivia pentlandii, iliyopewa jina la Joseph Barclay Pentland, Mwairishi aliyepima milima ya Bolivia katika miaka ya 1820. Maua yake huwa ya njano, ya chungwa, mekundu, ya waridi, na mara nyingi koo la ua limepauka kuliko ncha za petali. Ukitoka bonde moja kwenda jingine, uwiano wa rangi hubadilika.

Mmea huu uliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Kila mkusanyaji aliyerudi Ulaya na mche wa rangi mpya alitamani kuupa jina jipya. Mjerumani Curt Backeberg, aliyefariki mwaka 1966, ndiye anayekumbukwa zaidi kwa tabia hiyo ya kugawa. Kazi yake kubwa ya juzuu 6, iliyotoka kati ya 1958 na 1962, ilijaa majina ambayo waliomfuata walilazimika kuyaunganisha tena moja baada ya jingine, kwa sababu mimea ile ilitofautiana kwa rangi ya ua au urefu wa mwiba tu. Simlaumu sana. Mtu anayepokea mmea mmoja ndani ya kopo, bila kuuona mteremko mzima alikotolewa, hana njia rahisi ya kujua kwamba jirani zake walikuwa na rangi nyingine. Mnunuzi wa Kampala yuko katika hali hiyo hiyo.

Rangi mbili zinazozaa nyingi

Sasa tuingie ndani ya petali. Waridi, jakaranda inayozambarausha mitaa ya Kampala, haibiskasi ya uani: hizi hupata wekundu na zambarau yake kwa kemikali ziitwazo anthosianini. Kaktasi haina anthosianini kwenye maua yake. Inatumia kundi jingine kabisa, betalaini, na makundi haya mawili hayajawahi kukutwa pamoja katika mmea mmoja. Ama huu, ama ule.

Betalaini unazijua hata kama jina ni geni. Ndizo zinazofanya bitiruti ichafue vidole na ubao wa kukatia. Ndizo zilizo kwenye mchicha mwekundu ambao Waganda huuita bbugga, ule unaogeuza maji ya sufuria kuwa mekundu. Ndizo zinazotia rangi bogenvilia zinazomwagika juu ya kuta za Kololo. Mimea hii yote, pamoja na kaktasi, ni ya ukoo mmoja mpana, na ukila tunda jekundu la mpungate usishtuke mkojo ukibadilika rangi, kama inavyowatokea baadhi ya watu baada ya kula bitiruti. Ni betalaini ile ile inapita.

Safari ya kutengeneza rangi hii huanza na tairosini, moja ya asidi amino ambazo kila kiumbe hai huzitumia kujenga protini. Vimeng'enya vya mmea, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia ndani yake, huibadilisha hatua kwa hatua mpaka ipatikane asidi ya betalamiki, ambayo yenyewe ni ya njano. Hapo njia inagawanyika. Asidi hiyo ikiungana na asidi amino, hupatikana betazanthini, yenye rangi ya njano hadi chungwa. Ikiungana na kitu kingine kiitwacho siklo-DOPA, hupatikana betasianini, yenye wekundu unaoelekea zambarau. Basi. Kaktasi ni kama fundi aliyepewa makopo mawili tu ya rangi, la njano na la zambarau nyekundu. Akitumia la njano peke yake, ua ni njano. La pili peke yake, ua ni la waridi au zambarau. Akiyachanganya hupata chungwa na wekundu mkali wa moto. Asipofungua hata moja, ua hutoka jeupe, maana petali isiyo na rangi imejaa vijumba vya hewa vinavyotawanya mwanga wote. Na pale ambapo kijani cha klorofili hakijaondoka vizuri kwenye petali, ukikichanganya na wekundu unapata ile shaba na ile kahawia inayowashangaza watu kwenye Cylindropuntia.

Kutokana na hayo kuna jambo moja unaloweza kulishika kwa uhakika: hakuna kaktasi yenye ua la buluu halisi. Makopo hayo mawili hayawezi kuizaa. Akikuonyesha mtu picha ya kaktasi yenye ua la buluu ya anga, ujue picha imechezewa au ua limepakwa.

Na jingine, la kuwaokoa watu na kazi bure. Wapo wanaomwaga majivu, maji ya ndimu au misumari yenye kutu kwenye kopo wakitaka rangi ibadilike. Ushauri huo umetokana na haidrenjia, ambayo kweli hubadilika kati ya waridi na buluu kutegemea uchachu wa udongo na aluminiamu inayofyonzwa. Rangi ya haidrenjia ni anthosianini. Betalaini hazijali uchachu kwa kiwango hicho. Hubaki na rangi yake kwenye hali zote ambazo utomvu wa mmea unaweza kuwa nazo. Majivu mengi yataidhuru mizizi ya kaktasi yako na ua litabaki lilivyo.

Kwa nini mtoto hafanani na mama

Turudi kwenye njia inayogawanyika, kwa sababu jibu la ugomvi wa kitaluni limo pale pale. Ili kopo la zambarau nyekundu lifunguke, mmea unahitaji kimeng'enya kinachotengeneza siklo-DOPA. Kimeng'enya hicho kinatokana na jeni, yaani kipande cha maelekezo ambayo mmea huyarithi kwa wazazi wake. Mwaka 2012 watafiti waliitambua jeni hiyo kwenye bitiruti, na wakaonyesha kwamba bitiruti ya njano ni ile ambayo jeni hiyo imeharibika. Kila kitu kingine kiko sawa. Hitilafu moja katika jeni moja inatosha kuhamisha mmea kutoka wekundu hadi njano. Kuna jeni nyingine ambayo kazi yake ni kuwasha utengenezaji wote wa betalaini. Ikizimika katika sehemu fulani ya mmea, sehemu hiyo hukosa rangi hizi kabisa.

Sasa fikiria mmea mwekundu uliorithi nakala nzima ya jeni ile ya siklo-DOPA kutoka kwa mzazi mmoja na nakala mbovu kutoka kwa mwingine. Nakala nzima inatosha, kwa hiyo ua ni jekundu na hakuna anayeweza kuiona ile mbovu kwa macho. Mmea huo ukichavushwa na jirani mwekundu mwenye siri kama yake, wastani wa mtoto mmoja kati ya wanne atapata nakala mbovu mbili, naye atatoa njano. Wazazi wote wawili ni wekundu na hakuna udanganyifu popote.

Si lazima uwe na kaktasi kuliona hilo. Kwenye makopo ya maua ya Kampala kuna portulaka, Portulaca grandiflora, yenye majani manene na maua yanayofunguka jua likipanda, nyekundu, njano, nyeupe na waridi katika kopo moja. Ni jamaa wa karibu wa kaktasi na inatumia betalaini hizo hizo. Sia mbegu zake ulizookota mwenyewe uone zitakavyotoka. Au mtazame Mirabilis jalapa, lile ua la kando ya nyumba linalosubiri jioni ndipo lifunguke: mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Carl Correns alichanganya mimea yake mekundu na meupe akapata watoto wa waridi, na alipowachavusha watoto hao, wajukuu wakatoka wekundu, waridi na weupe. Correns ni mmoja wa wale waliofufua kanuni za urithi za Mendel mwaka 1900, na mmoja wa mimea aliyoichunguza ni huu huu tunaoung'oa kama gugu.

Kwenye kaktasi hesabu haiwi nyepesi hivyo kila mara. Kaktasi nyingi zina kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni, 22, yaani seti mbili za 11, lakini mpungate unaolimwa kwa ajili ya matunda, Opuntia ficus-indica, una seti nane, kromosomu 88. Pakiwa na nakala nane za jeni moja, rangi hupangika kwa ngazi nyingi ndogo ndogo badala ya ndiyo na hapana. Zaidi ya hapo, mbegu za mipungate wakati mwingine hubeba viini vilivyoota kutokana na tishu za mama peke yake, bila mchango wa baba, na miche hiyo hutoka nakala kamili ya mama. Kwa hiyo mtu aliyesia mbegu za mpungate akapata rangi ile ile mara zote naye hadanganyi.

Kaktasi nyingine nyingi, hasa zile za mviringo na za nguzo, haziwezi kujichavusha. Chavua ya mmea ikitua kwenye ua la mmea huo huo hukataliwa. Maana yake ni kwamba kila mbegu yenye uhai ndani ya tunda lako ina baba wa pembeni, na baba huyo alichaguliwa na nyuki. Uliyemwona kitaluni ni mama tu.

Hapa ndipo ninapofikia kile chanzo cha mazoea yetu. Kaktasi za Uganda, kwa sehemu kubwa, zimesambazwa kwa vipande. Mtu anakata bapa la mpungate kwa jirani, analiacha likauke jeraha siku kadhaa, analifukia nusu ardhini, linaota. Jirani yake naye anakata kwake. Miaka mingi baadaye kijiji kizima kina mipungate ya ua la njano, na watu wanahitimisha kwamba mpungate ni mmea wa ua la njano. Ukweli ni kwamba wanaangalia mmea mmoja uliogawanywa mara nyingi. Kipande hubeba jeni zote za mmea kilikotoka, bila kuchanganya wala kupunguza, na rangi yake haina pa kubadilikia. Utofauti uliobaki kwenye miteremko ya Arizona au Mexico haukupanda meli.

Kwa sababu gani porini rangi hazikuishia kuwa moja

Swali hili huwa naliona kuwa zuri kuliko yote. Kama rangi moja ingewavuta wachavushaji vizuri zaidi, ingetarajiwa kwamba baada ya maelfu ya vizazi nyingine zingetoweka.

Sehemu ya jibu ni kwamba wachavushaji wenyewe hawakubaliani. Nyuki haoni vizuri wekundu tupu. Njano, nyeupe na zile alama za urujuani usioonekana na sisi ndizo zinazomwongoza. Ndege wavumaji wa Amerika, kwa upande wao, huenda kwenye ua jekundu bila taabu, kama chozi wetu wanavyoyaendea maua ya shubiri. Popo na nondo wa usiku hawahitaji rangi, wanahitaji weupe na harufu, na ndiyo maana kaktasi nyingi zinazofunguka usiku ni nyeupe, pitaya, ile ya tunda liitwalo dragon fruit, ikiwa mojawapo. Spishi inayoishi mahali ambapo mwaka mmoja nyuki ni wengi na mwaka mwingine ndege ni wengi haipati msukumo wa kudumu wa kuelekea rangi moja. Na kaktasi huishi miaka mingi, hivyo mmea uliokosa bahati msimu huu bado una misimu mingi mbele.

Sehemu nyingine ni kutengana. Mlima au bonde lenye mimea michache huweza kupoteza rangi moja kwa bahati tu: mimea mitatu ya njano ikifa kwa ukame, njano imekwisha pale. Uganda tunalijua tendo la milima kutenganisha mimea. Senesio kubwa za Elgon ni Dendrosenecio elgonensis, na zile za Rwenzori ni Dendrosenecio adnivalis. Ni jamaa, lakini joto la nyanda zilizopo kati limewafungia kila mmoja juu ya mlima wake mpaka wakawa spishi mbili. Kwenye mabonde ya Andes kaktasi ziko katika hatua za mwanzo za safari kama hiyo, na rangi ya ua ni moja ya vitu vya kwanza kupishana, kwa sababu jeni moja inatosha.

Mmea ule ule, rangi mbili

Mpaka hapa nimezungumzia tofauti kati ya mmea na mmea. Kuna mabadiliko mengine yanayotokea ndani ya mmea mmoja, na haya ndiyo yanayochanganywa na yale ya kwanza.

La kwanza ni umri wa ua. Baadhi ya mipungate hufungua ua la njano siku ya kwanza, na siku ya pili ua lile lile limekuwa la chungwa au limeingia wekundu. Aliyepita Jumatatu na aliyepita Jumanne watabishana bure. Jua kali nalo hufifisha betalaini, maana hazistahimili joto na mwanga mwingi.

La pili ni baridi, na hapa ninawaambia hasa watu wa Kabale na Kisoro. Kaktasi ya Krismasi, Schlumbergera truncata, inatoka milima ya pwani ya kusini mashariki mwa Brazil, na siku hizi inafugwa kwenye makopo duniani kote. Aina zake za maua ya njano na meupe zina tabia ya kutoa waridi vichipukizi vya maua vinapokomaa kwenye ubaridi wa chini ya nyuzi 14 hivi. Kampala, kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, usiku haufiki huko mara nyingi. Kabale, karibu mita 2,000, hufika. Kwa hiyo mmea ulionunuliwa Kampala ukiwa njano unaweza kutoa ua lenye waridi baada ya kupelekwa kwa shangazi Kabale, na ukirudishwa mahali penye joto maua yajayo yatakuwa njano tena. Jeni haijabadilika. Kopo la pili la rangi, lile la zambarau nyekundu, ndilo tu lililofunguliwa kidogo na baridi.

Mmea huo huo huwasumbua Waganda wengi kwa sababu nyingine: hauchanui. Kwa kawaida husubiri usiku mrefu ndipo utengeneze maua, na sisi tulio kwenye Ikweta, iliyochorwa barabarani pale Kayabwe kwa wapiga picha, usiku na mchana wetu hulingana karibu mwaka mzima. Usiku wa baridi huweza kuchukua nafasi ya usiku mrefu. Ndiyo sababu unachanua vizuri zaidi nyanda za juu.

Rangi za mchanganyiko wa spishi ni jambo jingine tena. Magharibi mwa Texas kuna Echinocereus coccineus, yenye maua mekundu yanayotembelewa na ndege wavumaji, na Echinocereus dasyacanthus, ya njano inayotembelewa na nyuki. Zinapokutana huzaa machotara ya chungwa, waridi na rangi za katikati zisizo na jina. Machotara hayo yaliwahi kupewa jina la spishi, Echinocereus lloydii, na mwaka 1979 serikali ya Marekani ikayaweka kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini. Mwaka 1999 yaliondolewa, baada ya kukubalika kwamba ni machotara. Miaka 20 ya ulinzi wa kisheria ilisimama juu ya jina lililotokana na mchanganyiko. Mtu akikuambia kwamba majina ya mimea ni mambo ya vitabuni tu, mkumbushe hilo.

Na udanganyifu upo. Kaktasi ndogo yenye ua kavu linalokwaruza, lisilofunga usiku na lisilonyauka kwa wiki nyingi, imebandikwa ua la bandia kwa gundi moto. Ukilivuta utaikuta gundi, na mara nyingi kidonda chini yake. Kaktasi yenye kichwa chekundu au cha njano juu ya shina la kijani la pembe tatu haijapakwa, lakini rangi ile si ya ua: ni Gymnocalycium mihanovichii iliyokosa klorofili, ikaunganishwa juu ya shina la jamaa wa pitaya ili lilishe zote mbili. Likifa shina, kichwa hakina maisha. Na kaktasi yenye mwili wa buluu au zambarau iliyokolea sawasawa kila upande imenyunyiziwa rangi. Machipukizi mapya yatatoka kijani.

Kwa anayetaka kuziona rangi hizi kwa macho yake, kazi haina gharama kubwa. Unahitaji mimea miwili ya spishi moja isiyotokana na mama mmoja. Asubuhi maua yakifunguka, chukua brashi laini, gusa chavua ya ua hili na uipake kwenye ncha ya kati ya ua lile, kisha lifunike kwa kipande cha chandarua nyuki asiongeze yake. Andika kwenye kibao majina ya wazazi wote wawili, pamoja na rangi zao na tarehe. Kaktasi ndogo za mviringo za jamii ya Lobivia zinaweza kutoa ua la kwanza baada ya miaka michache. Zile za nguzo zitakuchukua muda mrefu zaidi. Ugumu mkubwa ni kuwapata wazazi wawili wasio ndugu, kwa sababu kipande kilichotoka Mbarara na kingine kilichotoka Soroti vinaweza kuwa mmea mmoja uliosafiri njia mbili. Ndiyo maana mwenye kitalu anayesia mbegu za kuchanganya, hata kama hawezi kukuahidi rangi, ana kitu ambacho muuza vipande hana, na bei yake ikizidi kidogo mlipe.